Faini Ni Mbuzi Moja

Vijana, mimi nimekataza watu wa Bukavu kukojoa kwenye kuta kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijamzuia hata mmoja. Musicheke. Ilikuwa kazi, ilinilisha, ilisomesha watoto wanne. Nilikuwa na ndoo mbili, burashi saba, ngazi iliyovunjika kipago kimoja, na jina nililopewa na wateja: Papa Lettre, yaani muzee wa herufi. Duka, buvette ya pombe, kanisa, mlango wa avoka wa mahakamani, kila kilichoandikwa kwa mkono kati ya Kadutu na Panzi siku zile, nusu yake ilitoka kwenye mkono huu ambao leo unatetemeka nikishika kikombe.

Kabla sijaendelea: Kiswahili cha vitabu nilifundishwa na masista. Nikikasirika kinakuwa cha Kadutu. Mutanisamehe.

Neno lililonilisha kuliko yote ni défense. Défense d'uriner, marufuku kukojoa, hilo ndilo lililokuwa mkate wangu. Défense d'entrer, marufuku kuingia, na mlango uko wazi kwa sababu mlinzi amekwenda kunywa chai. Défense d'afficher, marufuku kubandika karatasi: nimewahi kuimaliza asubuhi, nikirudi saa sita kuchukua ngazi yangu nakuta kanisa fulani limeshabandika tangazo la maombi juu yake, rangi ikiwa bado mbichi. Na kama unataka kuanzisha jalala katika mji huu, usihangaike, andika tu kwamba ni marufuku kutupa takataka pale. Kufikia Jumapili una jalala.

Chuo kikuu nao wana défense yao, siku mwanafunzi anapotetea kazi yake ya mwisho mbele ya maprofesa. Nimeandika mabango ya pongezi ya siku hizo mpaka nikachoka. Mwanafunzi anaulizwa maswali matatu, familia inaleta kreti sita za bia, na kuna profesa mmoja ambaye huwa anasinzia mpaka makofi yamwamshe. Timu ya mpira ya avenue yetu, yaani mtaa wetu, ilikuwa na défense pia, mabeki wake. Niliandika namba kwenye mashati yao na nawaambieni, zile namba ndizo zilizokuwa imara kuliko wenye kuzivaa. Hata kibao cha barrière, kizuizi cha askari njiani, niliandika. Walioniamuru wakaondoka, wakaja wengine, halafu wengine tena. Kila aliyekuja alikikuta, akakipenda, akakiacha palepale.

Na ukimuuliza mtu njiani, "Maisha iko namna gani, papa?" anakujibu, "Tunajidéfendre tu." Basi sisi wote tunajitetea. Nani anatushambulia, hilo haliandikwi ukutani.

Lakini ninayotaka kuwaambia leo ni habari ya ukuta mmoja tu, na katika habari hiyo mimi nilianza upande mbaya.

Kwanza mujue ufundi, maana bila ufundi hamtaelewa. Aliyenifundisha ni Muzee Balola, mtu mfupi, mkali, mwenye masikio yaliyojaa rangi. Alinifundisha kuhesabu herufi kabla ya kupanda ngazi. Sikusikia. Ukuta wangu wa kwanza niliandika DÉFENSE D'URI, ukuta ukaisha. Nikapinda kona, nikamalizia upande wa pili. Basi watu wa upande huu walikuwa hawajui wanakatazwa nini, na wa upande ule hawajui wanaambiwa nini, na wote waliendelea na shughuli yao kwa amani. Siku nyingine nilitumwa kuandika marufuku kuegesha gari kwenye depo ya mfanyabiashara. Lori lake mwenyewe lilikuwa limeegeshwa pale, dereva hayupo. Nikaandika mbele ya lori na nyuma ya lori. Lori lilipoondoka, sentensi ilikuwa na pengo la kupitisha harusi.

Muzee Balola hakunipiga. Alicheka mpaka akaketi chini, na hiyo iliniuma zaidi.

Kitu ambacho hakukichekea ni chokaa. "Wewe," aliniambia, "usipake chokaa juu ya rangi ya mafuta. Hata siku moja. Ni kama kumwaga bunga ya muhogo juu ya sahani yenye mafuta. Itashika leo, kesho ukigusa na maji inatoka yote. Mufundi anakwaruza kwanza, anapaka colle, ile gundi, ndiyo anapaka rangi. Anayeruka hapo ni muvivu." Nimewafundisha vijana kumi maneno hayo. Mimi mwenyewe niliyavunja mara moja tu.

Sasa sikieni. Kadutu kulikuwa na mtu anaitwa Mugisho, fundi viatu, ana nyumba ya matofali pembeni ya njia ya kuteremka sokoni. Ukuta wake ulikuwa mahali ambapo wanaume wote wanaotoka buvette wanakumbuka kwamba wana haja. Mugisho akaniita.

"Papa Lettre, niandikie défense d'uriner. Kubwa. Na uweke amende."

"Amende gani?" Maana faini ndiyo huwa inabishaniwa.

"Mbuzi moja."

"Mbuzi, Papa Mugisho? Kwa mukojo?"

"Andika! Mambo ya défense iko kwa wale walisoma. Mbuzi iko kwa wote. Na uandike jina yangu, ili anayeleta mbuzi asipotee."

Nikaandika kwa rangi nyekundu ya mafuta, ile nzuri: DÉFENSE D'URINER ICI. AMENDE: MBUZI MOJA. MWENYE NYUMBA: MUGISHO. Chini kabisa kwenye kona, kidogo, nikaweka jina langu na mwaka, kama tulivyofanya sote wenye kujiheshimu. Mbuzi hakuletwa hata mmoja. Watu walikuwa wanakojoa huku wanasoma, wengine kwa sauti.

Miaka ikapita. Mugisho akafa, akaacha mke, Maman Nabintu, bila mtoto. Mwezi mmoja baada ya matanga, jirani alisahau jiko la makaa, moto ukala nyumba mbili na chumba kimoja cha Maman. Katika kile chumba kulikuwa na sanduku, na katika sanduku fiche ya parcelle, karatasi inayosema kiwanja ni cha nani. Munajua Bukavu. Mwanamke, mjane, hana mtoto, hana karatasi. Hata wasiokuwa wezi wanaanza kufikiri.

Mwaka uliofuata, siku moja asubuhi, akaja kwangu kijana wa suti, viatu vinang'aa, harufu nzuri. Akasema anaitwa Désiré, mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu Mugisho.

"Papa Lettre, nimesikia sifa zako. Maman mudogo amekwenda Nyantende kumuzika dada yake, atakawia kule. Mimi naogopa watu watauzisha nyumba yake. Utuandikie parcelle à ne pas vendre."

Hilo nalo munalifahamu, liko kwenye nusu ya nyumba za mji huu: kiwanja hakiuzwi. Kwetu mtu halindi nyumba yake kwa kufuli peke yake. Anaandika ukutani kwamba haiuzwi, kwa sababu anaweza kutoka kwenda sokoni akarudi akakuta imeuzwa. Nikaona kijana ana akili na ana huruma.

"Niandike jina la nani?"

"Propriété Cirimwami. Ni jina ya familia yetu." Halafu akatazama ukuta, akakunja pua. "Na ile mambo ya mukojo uifunike. Ni aibu. Mupige chokaa."

"Juu ya rangi ya mafuta chokaa haikai. Lazima nikwaruze kwanza, siku mbili."

"Siku mbili? Papa, mimi narudi Uvira kesho. Piga chokaa, uandike. Na uifanye ionekane ya zamani. Wezi wakiona maandishi mapya hawaogopi."

Hapo, vijana, mtu mwenye akili angeuliza swali. Mimi sikuuliza, kwa sababu aliongeza neno moja: "Lakini labda hiyo huiwezi."

Siiwezi? Mimi? Nikapiga chokaa mbio mbio. Nikaandika kwa rangi nyeusi niliyoipunguza kwa petrole, mafuta ya taa, ili ipauke. Ilipokauka nikaisugua kwa majivu na maji ya majani ya chai, nikakwangua herufi pembeni kidogo kama mvua imezila. Nilipomaliza, ungesema Wabelgiji walipita pale wakaikuta. Désiré akapiga picha. Akaniomba nisiweke jina langu, kwa sababu maandishi ya zamani hayakuwa na jina. Nikakubali! Na nilirudi nyumbani napiga mluzi. Mjinga anayepiga mluzi.

Baada ya majuma matatu Maman Nabintu alikuja atelieri, karakana yangu. Ni mwanamke mwembamba, anaongea polepole. Alishika karatasi ya tribunal, ya mahakama, kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Papa Lettre, nisomee."

Nikasoma. Désiré alikuwa anadai kwamba kiwanja kilinunuliwa na baba yake, Cirimwami, na kwamba Mugisho alikuwa mlinzi tu aliyewekwa pale kukitunza. Ushahidi: maandishi ya zamani ukutani, yaliyokuwepo kabla Mugisho hajaingia, na picha zake. Anaomba maman atoke.

"Nani aliandika hii kitu kwa ukuta yangu?" akaniuliza.

Nikamtazama. Nikaona rangi nyeusi bado iko chini ya kucha zangu. Nikaficha mikono.

"Sijui, maman. Waandishi tuko wengi."

Mumesikia? Nimeandika neno défense mara elfu, na siku ile ndiyo niliifanya mwenyewe: nikajitetea. Maman akasema, "Asante, papa," akaondoka. Akanishukuru! Jioni nilisukuma sahani yangu pembeni kwa aibu. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote. Akasema, "Ungekuwa umekufa weye, na iko miye nakaa peke yangu mu hii nyumba, ungetaka Papa Lettre aseme nini?" Akachukua sahani yangu, akaenda kuiosha ikiwa bado imejaa.

Siku ya kesi nilivaa koti la kanisa nikaenda. Maman hakuwa na avoka. Désiré alikuwa naye, mwenye robe, lile joho jeusi, na sauti ya kuamsha wafu. Nikainua mkono, nikamwambia hakimu, ambaye pale tunamwita Président:

"Président, yale maandishi ya zamani haina hata miezi miwili. Ni miye niliandika. Uzee wake niliutengeneza na majani ya chai."

Watu wakacheka. Maman Nabintu hakucheka. Aligeuka akanitazama, na ningependa kusahau alivyonitazama.

Avoka akasimama. "Muzee, uko na facture, karatasi ya malipo?"

"Hapana."

"Picha?"

"Hapana."

"Jina lako iko pale ukutani?"

"Alinikataza kuiweka."

"Basi, Président, tuko na mutu anasema yeye ni mutengenezaji wa uongo. Kama anasema ukweli, ni muongo. Kama anasema uongo, ni muongo. Tumuamini upande gani?"

Kusema kweli ilikuwa nzuri. Hata mimi nilitaka kumpigia makofi. Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Muzee, uko na kitu ingine?"

Hapo ndipo sauti ya Balola ilinijia, na ile ndoo ya chokaa.

"Président, chini ya ile maandishi kuna ingine. Désiré anasema ya baba yake ilikuwa ya kwanza, mbele Mugisho aingie. Sasa ile ya chini iko na jina ya Mugisho. Ya chini haiwezi kuandikwa baada ya ile ya juu. Twende tuone."

Avoka akaruka juu kupinga. Hakimu alifunga faili. "Tutafanya descente," akasema. Hiyo ndiyo siku tribunal inatoka kwenye viti vyake na kwenda kuona kwa macho.

Juma lililofuata wakaja: hakimu, karani wake, Désiré, avoka wake ambaye alikuwa amekunja suruali kwa ajili ya tope, na avenue nzima. Maman alisimama mlangoni, mikono kifuani. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kama hakuna kitu kinachotoka chini ya chokaa, juma lijalo anabeba magodoro yake.

Nilikuwa na ndoo ya maji, sifongo na spatule, kile kisu kipana cha kukwangulia. Nikaanza kushoto, kwenye herufi P. Nikalowesha, nikasugua. Haikutoka. Nikalowesha tena, nikakwangua. Haikutoka! Ilikuwa imeshika vizuri, rangi nyeusi, majivu, chai, vyote.

"Muzee," avoka akasema, "pole na kazi."

Jasho likanitoka. Miaka yote ile nimeomba Mungu kazi yangu ishike ukutani, siku ile naomba ibanduke. Nikajiuliza kwa nini. Ndipo nikakumbuka: upande wa kushoto Désiré alisimama nyuma yangu, basi nilikwaruza kidogo, nikafanya kazi ya mtu. Halafu simu yake ililia, akaenda kuongea njiani. Kuanzia katikati kwenda kulia nilimwaga chokaa tu juu ya rangi ya Mugisho, bila kukwaruza hata mara moja.

Nikahamisha ndoo. Nikalowesha upande wa kulia, nikangoja nikihesabu mpaka ishirini, nikaingiza spatule. Chokaa ikatoka nzima, kama ganda la karanga iliyochemshwa, na herufi nyeusi zikaanguka nayo kwenye matope. Chini yake ikaonekana nyekundu. Karani akasogea, akasoma kwa sauti ya tribunal:

"Mbuzi moja."

Avenue ikalipuka. Mama mmoja muuza ndizi alishika tumbo akaketi juu ya kreti. Hakimu akakohoa ili asicheke. "Endelea, muzee."

Nikaendelea. Ikatoka MUGISHO, yote, nyekundu kama siku ile. Kwenye kona ikatoka herufi ndogo: Papa Lettre, na mwaka. Hakimu akainama, akausoma, akamgeukia Désiré.

"Mwaka huu ulioandikwa hapa, wewe ulikuwa na umri gani?"

Muuza ndizi akamjibia: "Alikuwa anavaa kaputula ya primaire, ya masomo ya watoto, Président! Alikuwa anakuja hapa kula sombe ya Maman Nabintu!"

Avoka alikunjua suruali yake taratibu, kunjo moja moja, kama mtu anayetafuta la kusema chini ya kila kunjo.

Maman alikuja ukutani. Aliweka mkono juu ya jina la mume wake, akakaa hivyo. Ukuta ulikuwa umelowa, maji yakateremka kwenye mkono wake mpaka kiwiko. "Mugisho," akasema, "kumbe uko hapa." Nililia. Sitawaambia uongo, niliisha kusema uongo wa kutosha katika habari hii. Nililia nikiwa nimeshika spatule.

Hakimu kabla ya kuondoka aliniita pembeni. Aliniambia kwamba angeweza kunifunga kwa yale majani ya chai, na kwamba uzee wangu unanitetea kuliko akili yangu. Nikasema ndiyo, Président. Baada ya majuma machache hukumu ikatoka: nyumba ni ya Maman Nabintu.

Basi, vijana, munaona shida yangu. Niwafundishe nini? Kazi zangu nzuri zote zimekwisha, mvua imezila, rangi ya makampuni ya simu imezifunika, siku hizi bango linatoka kwenye mashine likiwa na picha ya mwanamke wa Ulaya anayecheka. Kazi iliyookoa nyumba ya mtu ni ile niliyoifanya vibaya kuliko zote. Lakini musichukue hilo kama ruhusa. Kwaruzeni kwanza. Na mtu akiwaomba mufanye kitu kipya kionekane cha zamani, muulizeni anataka kumwonyesha nani. Na akiwaambia hamuiwezi, semeni ndiyo, hatuiwezi, mwende nyumbani mukale.

Siku hukumu ilipotoka nilimfuata Maman na ndoo zangu. Nikamwambia nitamwandikia bure parcelle à ne pas vendre, na jina lake yeye, Nabintu, herufi kubwa, ili asiibiwe tena. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Urudishe ile ile ya Mugisho."

"Ya mukojo, maman?"

"Ya mukojo. Na mbuzi yake. Na jina yake."

Nikakwaruza siku mbili. Nikapaka colle, nikapaka rangi nyekundu mara tatu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za uzee wangu, na ya mwisho. Kesho yake asubuhi nilipita kuitazama. Ukuta ulikuwa umelowa kutoka kiunoni kwenda chini, na mvua haikunyesha. Damu ikanipanda. Nikaanza kutukana Kiswahili cha Kadutu, nikiuliza ni mbwa gani amefanya hivi.

Maman Nabintu akatokea mlangoni na ufagio. Wala hakukasirika.

"Acha wakojoe, Papa Lettre," akaniambia. "Anayekojoa anasimama. Na akisimama hapo, anasoma jina ya mwenye nyumba."